Sura ya Sita: Mgeni Aliyekuja na Jembe Lake

Sherehe za Bunia zina mpangilio wake, na mkaaji wa mtaa wa Nyakasanza anaujua bila kuambiwa. Hema likishasimama na viti vya plastiki vikishapangwa, watu wa protokole husimama mlangoni na kuwapima wageni kwa macho. Mwenye suti na viatu vinavyong'aa huongozwa mbele, kwenye makochi yaliyofunikwa vitambaa vyeupe, ambako soda zimeshatangulia mezani. Mama aliyekuja moja kwa moja kutoka sokoni, kitenge chake kikiwa na vumbi jekundu, huonyeshwa nyuma, pale jua linapopenya. Hakuna anayegombana. Kila mtu anajua ngazi yake, na wengi wetu tunaisaka iliyo juu kidogo ya ile tuliyopewa.

Bwana Yesu aliyaona mambo hayohayo alipoalikwa chakula nyumbani kwa mkubwa mmoja wa Mafarisayo. Luka anatusimulia katika sura ya 14 kwamba aliwatazama wageni walivyokuwa wakijichagulia viti vya mbele, kisha akawapa maagizo. Hakuwataka wajione duni, wala hakuwauliza mioyo yao inasikiaje. Aliwaambia wakialikwa waende wakakae mahali pa mwisho. Agizo hilo linatekelezwa kwa miguu: mtu anaingia, anapita viti vya mbele, anakwenda nyuma, anaketi.

Hilo ndilo jambo ninalotaka tulishike katika sura hii yote. Unyenyekevu wa mwanafunzi wa Kristo huanzia mikononi na miguuni, na moyo hufuata. Anayengoja kwanza ajisikie mnyenyekevu ndipo atende, atangoja mpaka azeeke. Na kipimo cha unyenyekevu huo hakiko kwa mkubwa unayemwinamia, kwa maana kumwinamia mkubwa hata mwenye kiburi anaweza, tena kwa ustadi. Kipimo ni yule ambaye wewe na watu wako mmezoea kumwona yuko chini yenu. Je, unakubali kwamba unamhitaji?

Mkoa wetu wa Ituri una mtu wa kutufundisha jambo hili, naye si wa mbali. Kaburi lake liko Boga, kusini mwa Bunia, ndani ya eneo la Irumu.

Jembe la Apolo

Apolo Kivebulaya alizaliwa Buganda karibu mwaka 1864. Jina lake la utoto lilikuwa Waswa, jina ambalo Waganda humpa pacha wa kiume anayetangulia kuzaliwa. Aliwahi kuwa askari katika miaka ambayo Buganda ilichafuka kwa vita vya dini, kisha akamfuata Kristo, akabatizwa mwaka 1895. Mwaka uliofuata alitumwa magharibi, akapita Toro, akaipita milima ya Rwenzori na kuvuka bonde la Semliki mpaka Boga, kwa chifu aliyeitwa Tabaro.

Walimu Waganda waliomtangulia pale walikuwa wamekwisha kuondoka, na kilichowaondoa ni njaa. Tabaro hakuyapenda mafundisho yao, akazuia watu wasiwape chakula. Tuelewe ugumu wao. Katika Buganda ya siku zile, shamba la migomba lilikuwa mikononi mwa mwanamke. Mwanamume alikwenda vitani, alijenga, alihudhuria baraza la mkubwa wake. Kulima chakula chake mwenyewe, mbele ya watu wa ugenini, kulikuwa kushuka cheo hadharani. Mwalimu aliyenyimwa chakula alikuwa na njia mbili: ashike jembe au afunge mzigo.

Apolo alizisikia habari hizo akiwa bado safarini. Kabla ya kufika Boga, alinunua jembe.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Apolo hakungoja siku ya tatu wala hakungoja kupewa. Alifika nalo begani, akalima, akapanda, akala kilichotoka kwenye udongo wa Boga. Chifu aliyekuwa amezoea kuwashinda walimu kwa njaa akamkuta mwalimu huyu ameinama shambani kama wenyeji wanavyoinama. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nasi tumezoea kuutaja msemo huo tunapotafuta kitu chetu. Apolo aliinama kwa ajili ya watu ambao hata walikuwa hawajamtaka.

Hatujui moyo wake ulisema nini siku aliponunua lile jembe. Huenda uliona haya. Huenda ulikumbuka wenzake wa Mengo kule Buganda na jinsi ambavyo wangemcheka. Lakini jembe lilinunuliwa, na baada ya jembe moyo ulikuwa na mahali pa kujifunzia. Mtu aliyelima pamoja na watu miezi kadhaa hawezi tena kuwahutubia kama aliyeshuka kutoka mbinguni. Anajua mvua ilichelewa lini. Anajua nguruwe pori waliharibu shamba la nani. Anajua mgongo unavyouma.

Mateso hayakukoma hapo. Siku moja ndugu wa kike wa Tabaro aliangukia mkuki uliokuwa umefichika katika nyasi, akafa. Apolo alilaumiwa, akapigwa, akafungwa, akapelekwa Toro kwa wakubwa wa serikali. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba katika siku hizo za mateso Kristo alimtokea na kumtia nguvu. Alipoachiliwa alirudi kwa watu walewale, na baada ya muda Tabaro aliyemfunga aliomba ubatizo, akaitwa Paulo.

Ngazi ya dharau

Hapo wengi wangehitimisha hadithi: mtumishi amenyenyekea, chifu ameokoka, Mungu amesifiwa. Lakini Apolo alikuwa bado na ngazi za kushuka.

Tuitazame ramani ya dharau ya zama zake, maana ya zama zetu haiko mbali nayo. Mganda alijiona ametangulia kuliko jirani zake, na walimu wengi waliotoka Buganda walikwenda kwa watu wengine na lugha yao, mavazi yao na desturi zao kana kwamba hayo yote ni sehemu ya Injili. Watu wa Boga nao, wafugaji na wakulima, waliwatazama Wambuti wa msituni kama watumishi wa kuwaletea nyama na asali. Ndivyo dharau inavyosafiri. Aliyedharauliwa na wa juu hutafuta wa chini yake amdharau, apate kupumua.

Mwaka 1921, akiwa mtu wa makamo na padri wa miaka mingi, Apolo aliingia msituni kwa Wambuti. Mwaka uliofuata kanisa lilimpa heshima ya kuwa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe. Cheo hicho kingemfungulia kiti kizuri Kampala na uzee wa kustarehe. Yeye aliendelea kuifanya Boga kuwa nyumbani kwake na njia za msitu kuwa njia zake. Alishughulika na lugha ya Wambuti, akaifanyia kazi tafsiri ya Injili ya Marko.

Hapa tusimame kidogo. Kutafsiri ni kazi ya kuuliza. Mzee mwenye cheo anakaa mbele ya mtu ambaye dunia nzima inamwita mjinga, anamwuliza, "Hili ninyi mnalisemaje?" Anajibiwa. Anatamka vibaya, anasahihishwa. Kesho anauliza tena. Hakuna tafsiri inayozaliwa bila mwalimu kugeuka kuwa mwanafunzi wa wale aliokwenda kuwafundisha. Kuna watu wengi walio tayari kuwasaidia wadogo. Walio tayari kufundishwa na wadogo ni wachache, na hao ndio wanaokaribia njia ya Bwana, aliyemwomba maji mwanamke Msamaria kabla ya kumpa chochote.

Apolo alifia Boga tarehe 30 Mei 1933. Aliomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kinyume cha desturi, ili hata kaburi lielekeze mahali ambako kazi ilibaki. Kanisa la Anglikana la Kongo, ambalo lilipata jimbo lake kamili mwaka 1992, mizizi yake inaanzia katika shamba lile la Boga.

Kiburi kinachovaa nguo ya upendo

Sasa turudi Nyakasanza, kwa sababu somo la Apolo linatudai.

Tarehe 6 Mei 2003 wanajeshi wa Uganda walimaliza kuondoka Bunia, na mji ukabaki mikononi mwa wanamgambo. Katika siku zilizofuata watu waliwindana mtaa kwa mtaa. Wengine walikimbilia karibu na uwanja wa ndege, kwenye kambi ya Umoja wa Mataifa. Wengine walikimbilia kanisani. Katika parokia ya Nyakasanza mapadre wawili, Aimé Ndjabu na François-Xavier Mateso, waliuawa pamoja na watu waliokuwa wametafuta hifadhi pale. Vita vile vya Ituri vilivyoanza mwaka 1999 vilikuwa vimekwisha kuua watu zaidi ya 50,000 kwa makadirio ya mashirika ya kibinadamu.

Vita vina sababu nyingi: ardhi ya Djugu, dhahabu, majeshi ya nchi za nje, wanasiasa waliogawa silaha. Lakini mwanafunzi wa Kristo haruhusiwi kusimama kwenye sababu za wengine peke yake. Lazima aulize ni kitu gani ndani ya Wakristo kilichopokea silaha zile. Walioua na waliouawa, wengi wao walikuwa wamebatizwa. Waliimba nyimbo zilezile kwa Kiswahili kilekile.

Jibu langu ni hili. Tumefundishwa kukiogopa kiburi cha mtu mmoja, tukasahau kiburi cha watu. Mkristo mwema wa Bunia hawezi kusimama kanisani aseme, "Mimi ni bora kuliko ninyi." Ataona haya. Lakini nyumbani, watoto wakisikiliza, atasema bila haya, "Sisi hatuko kama wale." Atasema wale ni wachafu, wale hawana shukrani, wale wamezaliwa na roho mbaya. Na atalala usingizi mzuri, akidhani ameonyesha upendo kwa ndugu zake. Kiburi cha kabila ni kigumu kutubiwa kwa sababu hiyo: kinavaa nguo ya upendo. Tunakihesabu kuwa uaminifu kwa wazee wetu na kwa wafu wetu.

Paulo mtume alikuwa na ukoo wa kujivunia. Katika Wafilipi 3 anautaja wote, kabila la Benyamini na yote yaliyofuatana nalo, kisha anasema ameyahesabu kuwa hasara kwa ajili ya Kristo. Hakuacha kuwa Mwisraeli, na aliwalilia ndugu zake mpaka mwisho. Alichokiacha ni kuutumia ukoo kama kigoda cha kusimamia juu ya wengine.

Kwa hiyo naleta zoezi la kwanza la sura hii, nalo ni zito. Msikilize mtu wa upande wa pili akikuhesabia wafu wake, bila wewe kuanza kuhesabu wa kwako. Asimulie kijiji chake kilichochomwa, ng'ombe walioporwa, mama yake aliyekimbia bila viatu. Kinywa chako kitawasha. Utataka kusema, "Na sisi je? Mbona mlianza ninyi?" Nyamaza. Siku yako ya kusimulia itakuja, na ni haki yako. Lakini siku ya leo ni yake. Anayeweza kukaa saa moja katika ukimya wa namna hiyo amefanya toba kubwa kuliko kufunga siku nzima.

Kukubali kuambiwa

Kuna tawi jingine la mti huu ambalo Wakristo wa Afrika Mashariki walilichunguza kwa bidii. Mwezi Septemba 1929, daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi Gahini nchini Rwanda na aliyekuwa amechoka mwili na roho baada ya njaa kali, alikutana na Mganda Simeoni Nsibambi kwenye kilima cha Namirembe. Walikaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba pamoja. Wakati ule mzungu na Mwafrika walikutana zaidi kama bwana na mtumishi. Hawa wawili walikaa kama ndugu wenye upungufu uleule, na kutoka katika mikutano ya namna hiyo ukatokea Uamsho uliosambaa Rwanda, Uganda, Kenya, Tanganyika na kwingineko.

Miongoni mwa walioguswa mapema alikuwa Yosiya Kinuka, mfanyakazi wa hospitali ya Gahini. Alikwenda Kampala kumwona Nsibambi akiwa amejaa manung'uniko juu ya hali ya kazi na juu ya wakubwa wake. Nsibambi hakuyachukua manung'uniko yale ayakuze. Alimwelekeza atazame dhambi iliyokuwa moyoni mwake yeye. Maneno kama hayo hupokewa kwa hasira. Kinuka aliyapokea, akarudi Gahini mtu mwingine, akawa mmoja wa viongozi wa Uamsho.

Watu wa Uamsho waliita maisha hayo kutembea nuruni. Waliungama mbele ya wenzao, walirudisha vilivyoibwa, waliombana msamaha mzungu kwa mweusi na mume kwa mke. Yako mambo yaliyopotoka humo, na wengine waligeuza kuungama kuwa sheria ya kuwahukumia wenzao. Lakini kiini chake bado ni dawa kwetu. Makanisa yetu yana vyeo vingi vilivyotangulia majina: mtume, askofu, mchungaji kiongozi, daktari. Kadiri cheo kinavyorefuka ndivyo wanavyopungua wanaothubutu kumwambia mwenye cheo, "Mchungaji, hapa umekosea." Kiongozi asiye na mtu wa kumwambia hivyo yuko hatarini, hata akiomba usiku kucha.

Unyenyekevu si kukanyagwa

Lazima niseme neno kwa wale ambao mafundisho haya yamewahi kuwaumiza. Yuko mke aliyeambiwa anyenyekee kwa mume anayempiga. Yuko mfanyakazi wa nyumbani aliyeambiwa Biblia inataka utii, huku mshahara wake wa miezi umekaliwa. Yuko mkimbizi wa ndani katika kambi ya Kigonze, hapa hapa Bunia, anayefokewa kwenye foleni ya chakula kwa sababu hana pa kwenda. Kuwahubiria hao unyenyekevu ni kumbebesha mzigo wa pili mtu aliyekwisha kuangushwa na wa kwanza.

Injili ya Yohana, sura ya 13, inaeleza kwamba Yesu alijua ametoka kwa Mungu na anarudi kwa Mungu, ndipo akaondoka mezani, akajifunga taulo na kuwaosha wanafunzi miguu. Alijua yeye ni nani. Alishuka kwa hiari, na hakuna aliyemshusha. Yeye huyohuyo alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu aliuliza kwa nini anapigwa. Apolo naye alilima kwa hiari yake, lakini hakuacha kumwambia Tabaro ukweli ili apewe chakula. Mnyenyekevu anaacha heshima yake mwenyewe. Haki ya mwenzake haiachi. Ukiona unyenyekevu unahimizwa kwa wa chini peke yao, na wanaouhimiza hawashuki, ujue hapo kuna ukandamizaji uliochukua maneno ya Kristo.

Mazoezi kwa mwili na roho

Chagua kazi moja kanisani isiyo na cheo, uifanye kwa mwezi mzima bila kumwambia mtu: kuteka maji kabla ibada haijaanza, kuosha choo, kubeba viti baada ya kilio wakati wengine wanaagana. Ikiwa unahubiri, zoezi hili ni lako kwanza.

Jifunze kuomba radhi kwa maneno machache. Mzazi amwite mtoto wake amwambie, "Mwanangu, jana nilikufokea mbele ya wenzako. Nilikosa. Unisamehe." Aishie hapo, bila kuongeza "lakini na wewe". Katika nyumba zetu wengi tumekua bila kusikia neno hilo kwa baba, na ndiyo maana tunalitafuta ukubwani halitoki. Mtoto aliyelisikia hatapungukiwa na heshima kwa baba yake. Atajua kwamba kukosea hakumalizi mtu.

Pokea. Ikiwa kuna familia iliyokimbia Djugu au Irumu ambayo wewe huipelekea nguo na unga, siku moja kubali kula kwao. Kaa kwenye kiti watakachokupa, nawa mkono kwa maji waliyoyachota, kula sombe yao mpaka waone umeshiba. Usitoe pesa ukiondoka. Mpe mwenyeji wako nafasi ya kuwa mwenyeji. Bwana alipowatuma wanafunzi katika Luka 10 hakuwapa mfuko wala akiba. Aliwataka wale kilichowekwa mbele yao, wawe na haja na watu wanaowaendea.

Mwisho, mtafute mtu mmoja mwenye hekima, asiye wa kabila lako ikiwezekana, umpe ruhusa ya kukuambia ukweli mara kwa mara. Akikuambia, jibu lako la siku hiyo liwe "asante" tu. Mengine uyatafakari nyumbani.

Maswali kwa jumuiya na vikundi vya Biblia

1. Katika kanisa letu, ni nani huketishwa mbele na ni nani huelekezwa nyuma? Nani anaamua, na kwa kipimo gani? Jumapili ijayo tubadilishe nini?

2. Ni kazi gani ambayo watu wa jinsia yangu, elimu yangu au kabila langu huiona ni aibu? Ni lini nitaishika mbele ya watu?

3. Tuyataje bila kuficha maneno ya dharau tuliyoyasikia nyumbani utotoni juu ya majirani zetu. Ni yapi tumekwisha kuwarithisha watoto wetu, na tutawaambia nini leo jioni ili kuyaondoa?

4. Ni mtu gani wa upande wa pili ambaye sijawahi kumsikiliza mpaka amalize? Kila mmoja ataje jina hilo kwa Mungu katika sala, kisha amwambie mwenzake mmoja katika kikundi siku atakayokwenda kumtembelea.